Elimu, Bahati na Dau la Jumamosi

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, magari yaliyokutana katika mashindano makubwa ya Ulaya aghalabu yalipangwa kwenye mstari wa kuanzia kwa kupigiwa kura, hata dereva hodari mwenye gari jema akaweza kujikuta nyuma ya msafara mzima, ilhali mwenziwe dhaifu ametangulizwa mbele kwa sababu tu jina lake lilitoka mapema. Tarehe 23 Aprili 1933, katika dola ndogo ya Monaco iliyo kando ya Bahari ya Kati, desturi hiyo ilivunjwa. Nafasi ziligawanywa kwa kufuata muda ambao kila dereva aliupata katika siku za mazoezi, na Mwitaliano Achille Varzi, aliyeendesha gari la Bugatti, akatangulia wote kwa hukumu ya saa na si kwa hisani ya kura. Siku ya mbio alishindana na Tazio Nuvolari wa Alfa Romeo, wakipokezana uongozi katika mashindano ya mizunguko 100, mpaka gari la Nuvolari lilipomfia katika mzunguko wa mwisho na ushindi ukawa wa Varzi.

Wiki mbili baadaye, tarehe 7 Mei, mabingwa hao wawili walikutana tena Tripoli, mji wa Libya uliokuwa chini ya utawala wa Italia, katika mbio zilizoambatanishwa na bahati nasibu. Watu walikuwa wameuziwa tikiti kwa wingi. Tikiti chache zilizotoka katika kura zilifungwa kila moja na jina la dereva, siku kadhaa kabla ya mbio kukimbiwa, na mwenye tikiti ya dereva mshindi angejipatia utajiri wa mamilioni ya lira. Varzi alishinda tena, akimtangulia Nuvolari kwa nafasi nyembamba mno, na mara ikazuka minong'ono kwamba madereva wakubwa walikuwa wamekubaliana faraghani na wenye tikiti wagawane fedha. Wanahistoria wangali wanahojiana kama tuhuma hiyo ilikuwa kweli au hekaya iliyonenepeshwa na wasimulizi, lakini mwaka uliofuata kura ya kuwagawia wenye tikiti madereva wao ilisogezwa hadi karibu kabisa na kuanza kwa mbio, ili nafasi ya kula njama iwe finyu.

Matukio hayo mawili, ya majira mamoja na ya dereva mmoja, yanatosha kuwa dibaji ya jambo ninalotaka kulisema juu ya dau ambalo siku hizi huwekwa kila mwisho wa juma la mbio za magari za Langalanga (Formula 1): dau la kubashiri ni timu gani itakayopata muda bora kuliko zote katika kipindi cha kufuzu. Saa ililetwa ili kuiondoa kura na kuweka insafu mahali pake. Fedha inapowekwa juu ya saa, ile kura iliyofukuzwa kwa mlango wa mbele huingizwa tena kwa mlango wa nyuma, na anayeilipia gharama ya kurudi kwake ni mtazamaji.

Jinsi timu inavyofuzu

Kwa utaratibu ulioanza mwaka 2006 na kudumu hadi sasa, isipokuwa jaribio moja fupi la mwaka 2016 lililoachwa baada ya mashindano mawili, kufuzu hugawanywa katika vipindi vitatu. Wakati magari yalipokuwa 20 ya timu 10, kipindi cha kwanza kilikuwa cha dakika 18, na magari matano ya mwisho yaliondolewa. Cha pili kilikuwa cha dakika 15, matano mengine yakaondolewa. Kisha magari kumi yaliyosalia yakapewa dakika 12 za kuamua nani aanze mbele siku ya Jumapili. Muda hupimwa kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Wasomaji wetu wanaofuata mashindano ya Monaco hukaa mbele ya runinga Jumamosi saa kumi na moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki, na katika muda wa saa moja hivi huona kazi ya mamia ya wahandisi ikihukumiwa kwa mzunguko mmoja.

Kila timu ina magari mawili, na hilo ndilo linaloitofautisha rahani hii na nyinginezo. Anayeiwekea timu dau hana haja ya kumchagua dereva: gari lolote kati ya hayo mawili likipata muda bora, dau lake limefaulu. Kwa sababu hiyo mtu hujiona anabashiri ubora wa injini, umbo la gari linavyoukata upepo na akili ya karakana, vitu ambavyo vinaweza kusomwa na kujulikana, na hujiona yuko mbali na tabia ya mwanadamu mmoja ambaye huenda hakulala vizuri usiku. Historia inaonekana kumwunga mkono. Mwaka 1988 McLaren ilikuwa ya kwanza katika kufuzu mara 15 kwa mashindano 16. Mwaka 1992 Williams ikafanya vivyo hivyo, 15 kwa 16. Mwaka 2011 Red Bull ilipata mara 18 kwa 19, na mwaka 2014 Mercedes nayo ikapata 18 kwa 19. Mtu akizitazama tarakimu hizo, si ajabu akadhani kwamba hapa, tofauti na karata na dadu, elimu imeishinda bahati.

Kivutio cha dau hili kimo katika dhana hiyo. Halimwalika mjinga, humwalika mtu anayesoma, anayejua tofauti ya tairi laini na gumu, anayekumbuka nyakati za mazoezi ya Ijumaa kwa moyo. Kwa hiyo nalichukua kwa uzito mkubwa kuliko bahati nasibu ya kawaida, kwa kuwa hugeuza fahari ya mtu, yaani maarifa yake, kuwa chambo cha kumnasia.

Elimu na mipaka yake

Maarifa ya mbio ni ya kweli, lakini Jumamosi ina njia nyingi za kuyapita pembeni. Mazoezi ya Ijumaa hufanywa huku kila timu ikificha kiasi cha mafuta kilichomo katika tangi lake. Na kwa kuwa kilo 10 za mafuta hulipunguzia gari mwendo kwa yapata sehemu tatu za kumi za sekunde katika mzunguko mmoja wa njia nyingi, orodha ya nyakati za Ijumaa huweza kumweka wa kwanza aliye wa tatu na kumweka wa tano aliye wa kwanza. Tairi laini hutoa nguvu zake zote kwa mzunguko mmoja au miwili tu. Likiwa baridi huteleza, na likipata moto kupita kiasi huteleza vilevile, hata dereva akaweza kuupoteza muda wake bora kabla hajaufikia mstari wa kuanza kupimwa. Lami nayo haikai katika hali moja, maana kila gari lipitalo huacha mpira juu yake, njia ikazidi kushika, na mwenye kupita katika dakika ya mwisho aghalabu hukuta barabara bora kuliko ile waliyoikuta waliomtangulia, maadam mvua haijanyesha na bendera nyekundu haijapepea.

Mwaka 2023 ni ushahidi mzuri wa jambo hili. Red Bull ilishinda mbio 21 kwa 22, utawala ambao haukuwa umepata kuonekana katika mchezo huo, na mtu angeweza kuapa kwamba Jumamosi zote zilikuwa zake. Walakini madereva wake walianza mbele ya wote mara 14 tu kwa hizo 22. Huko Hungaria Lewis Hamilton wa Mercedes alimtangulia Max Verstappen kwa sehemu 3 za elfu za sekunde. Huko Singapore magari yote mawili ya Red Bull, timu ile ile iliyokuwa ikishinda kila mahali, yaliondolewa katika kipindi cha pili, hata moja lisiingie katika kumi bora, na Carlos Sainz wa Ferrari akawa wa kwanza. Aliyekuwa ameiwekea Red Bull dau siku hiyo hakukosea katika kuijua timu. Aliijua barabara, na ujuzi wake haukumfaa.

Kisha kuna siku ambazo hakuna ujuzi ungeziona zikija. Katika mashindano ya Ubelgiji ya mwaka 2009, bila mvua wala kioja chochote, Giancarlo Fisichella alikuwa wa kwanza katika gari la Force India, timu ambayo hadi saa hiyo haikuwa imepata hata pointi moja tangu ianze kushindana. Novemba 2022 huko Interlagos, katika jiji la São Paulo, Kevin Magnussen wa Haas alitangulia kutoka katika kipindi cha mwisho, akamaliza mzunguko wake wakati lami ingali kavu kiasi. Mara gari jingine likakwama katika changarawe, bendera nyekundu ikatolewa, mvua ikaongezeka, na hapakuwa na aliyeweza kumpita. Haas haikuwa imepata kuongoza kufuzu hata mara moja. Furaha ya mafundi wake ilikuwa halali yao. Lakini hakuna mtu wa insafu atakayedai kwamba aliyeibashiri timu hiyo aliijua kwa elimu.

Hata saa yenyewe hufika ukomo wa kutofautisha. Oktoba 1997 huko Jerez, nchini Hispania, Jacques Villeneuve, Michael Schumacher na Heinz-Harald Frentzen walipata muda ule ule, dakika 1 na sekunde 21.072, wote watatu. Nafasi ya kwanza akapewa Villeneuve kwa kuwa ndiye aliyeutangulia kuuandika. Mwaka 2024 huko Montreal jambo hilo lilitokea tena, George Russell wa Mercedes na Verstappen wa Red Bull wakilingana kwa dakika 1 na sekunde 12.000, na Russell akatangulizwa kwa kanuni hiyo hiyo. Fedha za watu wa nchi nyingi ziligawanyika siku hizo kwa sababu ya dereva mmoja kuwahi kutoka kabla ya mwingine.

Wala kumalizika kwa kipindi si kumalizika kwa shauri. Mwaka 2006 huko Monaco, Schumacher alikuwa na muda bora pale aliposimamisha gari lake la Ferrari katika kona ya Rascasse na kuwaharibia mizunguko waliokuwa nyuma yake. Wasimamizi walihukumu kwamba alikusudia, wakampeleka nyuma ya wote, na Fernando Alonso wa Renault akapewa mbele. Mei 2012 huko Barcelona, Hamilton, wakati huo akiwa McLaren, aliongoza kufuzu, kisha akarudishwa nyuma kwa kuwa gari lake halikuwa na mafuta ya kutosha kwa ukaguzi, na Pastor Maldonado wa Williams akaanza wa kwanza na kushinda siku ya pili. Majuma mawili baadaye, Monaco tena, Schumacher alikuwa na muda bora kwa timu ya Mercedes, lakini adhabu aliyokuja nayo kutoka Barcelona ikamrudisha nafasi tano, na aliyeanza mbele akawa Mark Webber wa Red Bull. Timu iliyokuwa ya haraka kuliko zote ilikuwa ipi katika siku hizo? Jibu halimo katika saa. Limo katika masharti yaliyoandikwa na kampuni ipokeayo dau, kwani kampuni moja hulipa kwa muda uliosomwa kipindi kilipokwisha, na nyingine hulipa kwa nafasi ya kuanzia baada ya adhabu. Ni wachache mno wanaoyasoma masharti hayo kabla ya kutoa fedha zao.

Hesabu ya mpokea dau

Tuseme sasa kwamba kuna mtu aliyeyashinda hayo yote, mwenye maarifa makubwa na subira. Bado yumo katika mizani iliyoinamishwa kabla hajafika. Tuchukue mfano wa odi, yaani vizidisho vya dau, ambazo kampuni ingeweza kuziandika: timu ya kwanza 2.00, ya pili 4.00, ya tatu 5.00, ya nne 10.00, na timu zote nyingine kwa pamoja 20.00. Mtu atakaye kulipwa shilingi 100,000 timu yoyote ishindayo atalazimika kuweka 50,000 kwa ya kwanza, 25,000 kwa ya pili, 20,000 kwa ya tatu, 10,000 kwa ya nne na 5,000 kwa zilizobaki. Jumla yake ni shilingi 110,000. Ametabiri kila kitu kinachowezekana kutokea duniani, hakuna timu aliyoikosa, na bado amepoteza 10,000. Hizo 10,000 ni fungu la kampuni, nalo limeshonwa ndani ya odi zenyewe, haliandikwi popote.

Vijana wetu hawaweki dau moja. Huunganisha mechi, mbio na vipindi vya kufuzu katika mkeka mmoja, wakitazama malipo yanavyokua kwa kuzidishana, bila kutambua kwamba fungu la kampuni nalo linazidishana kwa kipimo kile kile. Kwa mfano wetu, mkeka wa mambo manne, kila moja likiwa na upungufu huo, humrudishia mchezaji kwa wastani wa muda mrefu yapata shilingi 68 kwa kila 100 alizotoa. Mkeka unapochanika, lawama huangukia dereva aliyeteleza au mvua iliyonyesha, wala haiwafikii walioandika hesabu.

Na ile miaka ya timu zisizoshindika, ambayo ndiyo nguzo ya hoja ya mwenye maarifa? Tuseme kampuni ingeiwekea Mercedes ya mwaka 2014 odi ya 1.05 katika kila shindano, na mtu, kwa kipawa cha kujua mapema kwamba msimu ni wao, akaweka shilingi 1,000 mara zote 19. Angetoa 19,000. Angeshinda mara 18, akalipwa 1,050 kila mara, jumla 18,900. Siku moja tu ambayo Felipe Massa wa Williams alikuwa wa kwanza, huko Austria, ingetosha kuufuta msimu mzima wa kubashiri sawasawa na kumwachia hasara ya shilingi 100. Palipo na yakini, malipo ni kombo. Palipo na malipo manono, yakini haipo. Odi huandikwa na watu wanaoyajua hayo vema.

Haki ya mtazamaji

Sisemi haya kwa kuudharau mchezo. Mwaka 1988 huko Monaco, Ayrton Senna alimtangulia Alain Prost, mwenziwe wa McLaren aliyekuwa na gari la namna ile ile, kwa sekunde 1.427, tofauti ambayo katika njia ya kuta na kona nyembamba ni kubwa kiasi cha kustaajabisha. Mwaka 2023 mahali pale pale Verstappen aliingia sehemu ya mwisho ya mzunguko akiwa nyuma ya muda wa Alonso, akaligusisha gari ukutani, akamaliza mbele kwa sehemu 84 za elfu za sekunde, ambazo kwa mwendo wake wa wastani ni pungufu ya mita 4 katika njia ya mita 3,337. Mambo kama hayo huonyesha jinsi mwanadamu anavyoweza kukaza nia na kuilinganisha na mkono wake. Kuyatazama na kuyaelewa ni starehe ya akili isiyohitaji shilingi juu yake, na shilingi ikiwekwa, macho huacha kuitazama kona yakatazama mkeka.

Magari ya Monaco hupita mbele ya kasino mashuhuri ya Monte Carlo, na kona moja ya njia hiyo huitwa kwa jina lake. Dola hiyo iliyotajirishwa na kamari tangu karne ya 19 inawakataza raia wake wenyewe wasicheze kamari ndani ya kasino hiyo. Watawala wake walifahamu mapema kwamba faida ya nyumba ile lazima itoke mfukoni mwa mtu fulani, wakaamua mtu huyo asiwe mwananchi. Sisi huku hatukujiwekea hadhari kama hiyo. Tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu nchini Kenya mwaka 2007, na jirani zake kufuata, meza ya rahani imehamia mkononi mwa kila kijana, mchana na usiku, akiwa na mshahara au na fedha za ada ya chuo, na mashindano ya miji ya mbali ambayo hajapata kufika yamekuwa sababu ya deni lake. Wazee wa pwani yetu, ambao dini iliwafundisha kuihesabu kamari kuwa haramu, walisema kwamba huondoa baraka katika mali; hata asiyeifuata hoja yao ya imani anaweza kuithibitisha kwa kalamu na karatasi.

Serikali zetu hazikusudii kuipiga marufuku biashara hii, na Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ili kuisimamia. Basi na tuombe jambo dogo lililo ndani ya uwezo wa bodi kama hiyo na wenzake wa nchi jirani: kila mkeka uandikwe, kwa tarakimu zinazosomeka, fungu la kampuni ni kiasi gani katika kila mia, kama bei inavyoandikwa kwenye mfuko wa unga, na kila dau la kufuzu litaje wazi, juu kabisa, kama litalipwa kwa muda wa saa au kwa nafasi ya kuanzia baada ya adhabu. Mfanyabiashara mwenye haki hapungukiwi na kitu kwa kusema bei ya bidhaa yake.

Na kijana anayeamini kwamba ana elimu ya kutosha, namshauri ajaribu elimu hiyo kwa daftari. Kabla ya kila Jumamosi ya msimu na aandike jina la timu na odi yake, asitoe hata senti, kisha mwisho wa mwaka apige hesabu ya alichobashiri na ambacho angelipwa. Akikuta amekosea, atakuwa amejifunza bure jambo ambalo wengine hulinunua kwa mishahara yao. Akikuta amepatia mara nyingi, na ajivunie, maana ujuzi huo ni wake kwa haki. Lakini aikokotoe mara ya pili ile jumla ya odi, aone kwamba hata katika kupatia kwake angelipwa pungufu ya stahiki yake.